Zedi Amerudi

Gerishom alikuwa na ibada mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kanisani, na hiyo aliimaliza kila Jumapili saa sita mchana, akaifunga Biblia, basi. Ya pili ilikuwa ya Datsun, na hiyo haikuwa na saa ya kufunga. Msicheke. Kuna watu waliozaliwa wapende mpira, kuna waliozaliwa wapende maneno ya watu, na yeye alizaliwa apende gari moja tu kati ya magari yote ambayo Mungu ameruhusu yatengenezwe.

Alianza kulipenda Pasaka ya mwaka wa sabini na tatu. Alikuwa kijana aliyetoka Maragoli juzijuzi, hajui hata kula wali wa nazi tumbo lisimsumbue. Alisimama Mariakani kando ya barabara, katikati ya umati, akaliona gari la mashindano ya Safari likipita: Datsun Z, jekundu, boneti jeusi, tope limelipaka mpaka kwenye vioo. Lilipita kwa muda wa mtu kupiga chafya mbili. Watu walitawanyika, yeye akabaki pale anatazama vumbi. Siku iliyofuata alikwenda kuomba kazi gereji.

Wakati huu ninaousimulia, mwaka wa tisini na tisa, alikuwa na gereji yake mwenyewe Ukunda, hatua chache kutoka Kona ya Musa, nyuma ya mashine ya kusaga mahindi. Ndani ya gereji hiyo, pembeni, alikaa Zedi. Ndivyo walivyoliita gari lake, Datsun Z kama lile la Mariakani, na walipolitaja walilitaja kama mtu. Mzungu mmoja wa Diani aliyekuwa anarudi kwao alimwachia Gerishom mzoga wa gari hilo mwaka wa themanini na tano, wakati mwanawe Cliff ana miaka kumi na mmoja. Baba na mwana wakaanza kazi. Vipuri vingine walivitoa kwenye Datsun za teksi zilizokufa, vingine wakavichonga kwa tupa, na baada ya miaka tisa Zedi akanguruma. Cliff alilia siku hiyo, mwanamume mzima wa miaka ishirini. Baba yake akamcheka sana, maana asingemcheka angelia yeye.

Kila Jumapili alasiri wapenzi wa Zedi walikutana pale gerejini. Alikuwako Mwero, Mdigo wa Msambweni, dereva wa teksi, mtu wa taratibu. Ndiye aliyemficha Gerishom na jamaa yake nyumbani kwake wiki mbili nzima wakati wa zile vurugu za mwaka wa tisini na saba, watu wa bara walipokuwa wanafukuzwa Pwani, wanakimbia na godoro kichwani. Alikuwako Iddi, mpiga rangi wa magari, mwenye ulimi mkali kuliko msasa wake. Na alikuwako Duncan, mtu wa Nakuru, mtandika vitanda katika hoteli moja ya ufuoni, ambaye tangu wageni wapungue alikuwa akitandika vitanda visivyolaliwa na mtu.

Ubishi wao mkubwa ulikuwa mmoja, miaka nenda miaka rudi. Je, kule Japani watatoa Zedi mwingine? Walikuwa wametoa wengine kweli, wenye herufi ileile, lakini Gerishom hakuwahesabu. Aliwaita wale wanene. Cliff ndiye aliyekuwa akimpinga.

"Watatoa mwingine, baba," alikuwa akisema, amelala chini ya gari, miguu tu inaonekana. "Watatoa anayefanana naye hasa, na siku hiyo utayala maneno yako."

"Nikiyala nitayala kwa sima," baba yake alikuwa akijibu. "Wewe funga nati."

Basi. Novemba ya mwaka wa tisini na nane malaria ikampanda Cliff kichwani. Jumatatu alikuwa akifunga breki za matatu, Alhamisi alikuwa maiti. Miaka ishirini na minne. Waliusafirisha mwili mpaka Maragoli, kwa sababu Mmaragoli huzikwa kwao, hata akifia mwezini. Mkewe, Purity, binti wa mzee Ziro wa Kinango, alikuwa na mimba ya miezi saba. Wakubwa wakasema njia ni ndefu, na mja mzito hasogei kaburini, ni mwiko. Akaachwa Ukunda na akina mama wa kanisa. Hakuuona mwili ukifungwa, hakuliona shimo, hakutupa hata konzi moja ya udongo.

Gerishom aliporudi kutoka kuzika, alikuta watu wamejaa uani wanamsubiri. Mwero alikuwa ameleta mikeka ya matanga. Iddi alikuwa amekodi turubai. Gerishom akasimama mlangoni na vumbi la safari usoni, akawauliza, "Matanga ya nani?"

Watu wakatazamana.

"Cliff hajakwenda popote," akasema. "Cliff yumo tumboni mle. Katika nyumba yangu halii mtu."

Nao, jamani, wangefanya nini? Ukimwona mzazi amesema hivyo, macho makavu, sauti imenyooka, unakunja mkeka wako unakwenda nao. Walidhani ni uchungu wa siku mbili tatu, utampungua. Haukumpungua. Concepta, mkewe, alikuwa akijifungia chooni kumlilia mwanawe, amejiziba mdomo na leso, kisha anatoka akiwa amenawa uso.

Mtoto akazaliwa Januari, wa kiume. Akalia siku mbili hakomi. Sasa, kule Maragoli mtoto mchanga akilia hivyo husemwa kwamba yuko marehemu anayetaka kuitwa. Mama humweka mtoto kwenye titi, na wakubwa huanza kutaja majina ya waliokufa wa ukoo, moja baada ya jingine, taratibu, mababu, mabibi, mashangazi. Lile litakalotajwa mtoto akanyamaza na kunyonya, ndilo jina lake. Ni desturi nzuri, na ina heshima yake. Lakini Gerishom hakutaja majina. Alitaja jina moja. Aliketi kwenye kigoda nje ya pazia, akasema Cliff, akasema Cliff, tangu chai ya asubuhi mpaka adhuhuri, hakumtaja babu yake wala ndugu yake wala mtu mwingine yeyote, mpaka kile kichanga kikachoka na kulia kikalishika titi. Hapo akainuka akapiga makofi.

"Amerudi!" akasema. "Mwanangu amerudi!"

Concepta alijua kilichofanyika. Purity alijua vilevile, maana titi lilikuwa lake. Wote wawili wakanyamaza, mmoja kwa huruma, mwingine kwa adabu ya mkwe.

Tangu siku ile Purity akawa Mama Cliff. Mtaa mzima ulimwita hivyo, kwa sababu mzee ndivyo alivyotaka. Fikiria mwanamke anakwenda kuteka maji, mjane wa miezi miwili, watu wanamwamkia kama mama wa mumewe. Akitokwa na chozi jikoni, Gerishom humwambia kwa upole, naye alikuwa mpole kweli, "Mama Cliff, mbona unamlilia mtu aliye mgongoni mwako? Utamtia mkosi." Kisha humchukua mtoto akampeleka gerejini, akampitisha pembeni ya Zedi, akamwonyesha kabureta. "Unaikumbuka hii? Hii uliisafisha wewe."

Jumamosi moja ya mwezi wa Machi Concepta akashindwa. Alimwandalia mumewe chakula, akakaa mbele yake, akamwambia, "Baba Cliff, Purity amefunga mzigo. Mzee Ziro ametuma watu. Jumatatu anakwenda Kinango na mtoto, na amesema, mtoto akiendelea kuitwa Cliff, hatamrudisha. Hutamwona tena."

"Ampeleke wapi mwanangu?"

"Si mwanao. Ni mjukuu wako. Mwite mjukuu wako, mpe jina jingine, binti wa watu apate kumlilia mumewe. Hilo tu ndilo analolitaka."

"Nikimpa jina jingine," Gerishom akasema, akasukuma sahani, "Cliff atakuwa wapi?"

Mama aliyezaa na kuzika atakuwa na jibu gani la swali hilo? Concepta akaondoa vyombo.

Kesho yake ikawa Jumapili. Gerishom alikuwa bado kanisani Duncan alipoingia gerejini mbio, jarida limefichwa ndani ya shati. Mgeni wa Kijerumani alikuwa ameondoka hotelini akaliacha chumbani, na Duncan, aliyekuwa akikunja mashuka, alikuwa ameona ukurasa mmoja akasahau mashuka. Mwero na Iddi walikuwa wamekaa kwenye benchi wanakula mabuyu ya rangi.

"Wazee, mtaamini?" Duncan akasema, anahema. "Cheki hii maneno! Cheki!"

Akalifungua juu ya boneti la pikapu. Picha ilikuwa imejaza kurasa mbili: gari la rangi ya chungwa, la mviringo, linang'aa, limesimama peke yake kwenye sakafu nyeusi. Nyuma yake, kwa udogo, wameweka picha ya Datsun ya zamani, ili mtu ajue ni nani anayerithiwa. Juu yameandikwa maneno ya Kijerumani kwa herufi kubwa.

"Imeandikwa nini?" Mwero akauliza, anatafuta miwani.

"Hii hapa ni *zurück*. Zurück ni kurudi. Mgeni akiniambia zurück najua anataka kurudishwa kwa hoteli. Inasema Zedi amerudi!"

"Kijerumani chako ni cha mashuka na taulo," Iddi akasema, lakini naye alikuwa ameshainama. Alitazama muda mrefu, macho ya mpiga rangi yanatembea kwenye mbavu za lile gari. Kisha akajinyoosha. "Hili ni gari au sabuni ya kuogea iliyobaki nusu?"

"Aka, Iddi! Hii ni noma, bana! Ona hizo magurudumu!"

"Magurudumu nimeyaona. Zedi ndiye simwoni. Na rangi hiyo ikiletwa hapa kwetu, chumvi itaila kabla hujamaliza kuisifu."

Mwero alivaa miwani yake, akaweka kiganja juu ya pua ya gari lile akaificha. "Ngojeni kwanza. Ukiziba hapa, ukatazama mgongo tu, mgongo ni wake. Teremko lile la nyuma, ona. Hawa watu wamejitahidi." Kisha akaondoa kiganja na kuguna. "Lakini uso, la. Zedi macho yake yameingia ndani, ametulia. Huyu ameyatoa macho, mithili ya mtu aliyeshtuliwa msalani."

Wakacheka mpaka Duncan akakasirika. Akasema, kwa maneno machache aliyoyatambua chini ya picha, hilo ni gari la mfano tu, halijauzwa, wamelitoa kwenye maonyesho kule Amerika Januari ile ili wasikie watu wanasemaje. Iddi akasema basi wamesikia. Wakalichukua jarida wakalipeleka kwa Zedi mwenyewe, wakaliegemeza kwenye ubavu wake, wakarudi nyuma hatua tatu, wote watatu mikono viunoni, wakalinganisha. Mara wakasema anafanana, mara wakasema hata kidogo. Walikuwa wamefurahi, msidanganyike. Ilikuwa miezi minne hawajabishana hivyo mahali pale.

Ndipo Gerishom akaingia, na suti yake ya kanisani, Biblia kwapani. Wakamwachia njia. Duncan akamwonyesha picha, akamwambia kwa sauti ya chini kidogo, "Wametoa mwingine, mzee. Wanasema amerudi."

Gerishom akatazama. Aliona mgongo kwanza, maana jicho la fundi huanzia pale inapoanzia kazi, na moyo ukamruka. Mdomo ukamfunguka wenyewe. Akageuka kule uvunguni mwa Zedi, kule ambako kwa miaka kumi na mitatu ilikuwa ikionekana miguu ya mtu, akaita kwa furaha, "Cliff! Cliff, njoo uone!"

Hakukuwa na miguu. Kulikuwa na sakafu ya saruji na doa la oili.

Wale watatu wakainamisha vichwa. Mwero akavua miwani akaifuta na pindo la shati, ingawa haikuwa chafu. Gerishom akabaki pale, shingo imegeukia gari, na hasira ikampanda, hasira ya mtu aliyeona aibu ya moyo wake mbele ya rafiki zake. Akalirudia lile jarida kana kwamba ndilo lililomfanyia.

"Nani amesema amerudi?" akauliza. "Nani? Huyu si Zedi! Zedi amekwisha. Walipoacha kumtengeneza alikwisha, na sisi tuliokuwapo tunajua. Kitu kikifa kililie, kizike, ukiache kilale! Mtu mzima hachukui kiumbe kipya, hakijui hili wala lile, akakivisha jina la marehemu akasema ndiye. Na chenyewe kina kosa gani, maskini? Kila atakayekitazama atakuwa anamtafuta mwingine usoni mwake. Hakitapendwa kwa sura yake hata siku moja. Ni uongo! Ni uongo, na ni kumdhulumu aliyekufa, na ni kumdhulumu aliyezaliwa!"

Alitarajia Iddi aitikie, kwa kuwa Iddi huitikia kila neno baya juu ya gari jipya. Iddi hakuitikia. Alikuwa anatazama mlangoni.

Mlangoni alisimama Purity na sufuria ya wali mikononi, mtoto mgongoni. Kila Jumapili alileta chakula, akakiweka kwenye benchi, akasema shikamoo bila kuinua macho, akaondoka. Mkwe hasimami mbele ya baba mkwe, tena penye wanaume, akamkazia macho. Kinango wanajua hivyo, Maragoli wanajua hivyo. Siku hiyo Purity aliweka sufuria chini, palepale kwenye vumbi, akainua uso.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Cliff. Weka chakula, uende nyumbani."

"Gari mmelipa ruhusa ya kufa," Purity akasema. "Nimekusikia, baba. Gari mnalililia. Mume wangu je? Yeye amekosa nini hata asililiwe?"

"Mama Cliff..."

"Mimi si Mama Cliff. Mwanamke hamzai mumewe. Nilikuwa mke wake. Nililala naye, nikampikia, nikamfulia hizo ovaroli zake za mafuta, na Alhamisi ile nikamfumba macho kwa vidole vyangu hivi. Kisha mkamchukua. Mkaniambia nibaki. Nikabaki. Mliporudi mkaniambia nisilie. Nikanyamaza. Miezi minne, baba! Nimekula kilio changu kama ugali, asubuhi na jioni. Sasa maziwa yananikauka, na huyu mtoto analia njaa, na wewe unasema anataka kuitwa jina."

Duncan akageukia ukuta.

"Mwero," Gerishom akasema, kama mtu anayeomba msaada. "Mwambie."

"Mimi nitamwambia nini?" Mwero akajibu taratibu. "Nilileta mikeka, ukanirudisha nayo. Cliff alikuwa mwanangu mimi pia, Gerishom. Nilimfundisha kuendesha. Nimekaa nyumbani kwangu Msambweni najisomea dua peke yangu kama mwizi, nisije nikakuudhi. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Mwache binti aseme."

Gerishom akakaa juu ya tairi, na suti yake ile nyeusi. Alihisi woga, na woga wenyewe aliujua vizuri. Ulimshika ndani ya basi wakati wa kurudi kutoka kuzika, baina ya Voi na Mariakani. Aliona kwamba akifika Ukunda akasema neno lile la msiba, litakuwa kweli. Asiposema, bado. Hiyo ndiyo hesabu aliyoipiga mle ndani ya basi, na tangu hapo alikuwa akiishikilia kwa kucha, akamshikisha na mkewe, akaushikisha na mtaa mzima. Kwa upendo. Aibu iliyoje, kwamba yote hayo aliyafanya kwa upendo.

Akamtazama mtoto. Alikuwa ameamka mgongoni, kichwa kinachungulia juu ya bega la mama, na kwa mara ya kwanza Gerishom aliona kwamba paji lile pana halikuwa la Cliff hata kidogo. Lilikuwa la mzee Ziro. Lilikuwa pale tangu Januari.

"Cliff amekufa," akasema.

Ndiyo mara ya kwanza neno hilo lilitoka kinywani mwake. Alilisema chini chini, akaona halikutosha, akalirudia kwa sauti. "Cliff amekufa, Purity. Mwanangu amekufa. Nilimzika mimi."

Purity akapiga magoti palepale mlangoni. Hakulia bado. Alikuwa na maswali, na maswali yale alikuwa ameyaweka muda mrefu.

"Alivaa nini?"

"Shati lake la buluu. Lile la siku mliyofunga ndoa."

"Nani aliyemvisha?"

"Mimi. Vijana walitaka kumvisha, nikawakatalia."

"Ulimfunga vifungo vyote?"

Gerishom akatazama vidole vyake. "Kimoja kilinishinda," akasema. "Cha shingoni. Nikajaribu, nikajaribu, nikakiacha wazi. Nimekuwa nikikiwaza kifungo hicho kila siku. Nilimzika mwanangu shingo wazi."

"Hakupenda kukifunga," Purity akasema. "Alisema kinamkaba. Hata siku ya ndoa hakukifunga, baba. Ulifanya sawa."

Hapo Gerishom akalia. Alilia vibaya, kwa sauti nzito isiyo na mpangilio, machozi na kamasi, Biblia imemwangukia miguuni. Mwero akaja akakaa naye kwenye tairi lile. Gerishom alipopata pumzi akasema, "Na kaburi ni la pili kutoka kwa babu yake, upande wa migomba. Mvua ilikuwa inanyesha. Watu walikuwa wengi. Waliimba vizuri. Nilipaswa kukuhadithia siku ileile niliporudi."

"Ndiyo, baba. Ulipaswa."

Hakumsamehe kwa haraka, na wala sitawadanganya kwamba alimsamehe.

"Kesho ukitaka kwenda Kinango," Gerishom akasema, "nitakupeleka mwenyewe mpaka kwa mzee Ziro. Nitamwomba radhi."

"Nitakwenda," Purity akasema.

Jibu hilo lilimchoma. Alikuwa ametumaini, hata wakati ule, kwamba akisema kweli atabakishiwa kitu. Akatikisa kichwa kukubali.

"Na mtoto?" akauliza. "Ataitwa nani? Sema wewe. Sitafungua mdomo wangu."

Purity akamshusha mtoto kutoka mgongoni, akamtazama usoni, akamfunika vizuri na leso, akampa Mwero amshike. Kisha akakaa chini kwenye sakafu, miguu ameinyoosha mbele, kama wanavyokaa wanawake wa kwao kwenye msiba, akazifungua nywele zake.

"Nitasema nikimaliza kulia, baba."

Akaanza. Alimwita mumewe kwa jina lake, akamwita tena, akamwambia aliyokuwa hajamwambia, kwa Kiduruma cha kwao na kwa Kiswahili. Mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa Jumapili ile na sauti yake ikafika mpaka Kona ya Musa. Wapita njia wakasimama. Concepta aliisikia kutoka nyumbani, akaja mbio, kanga moja begani, na kwa mazoea ya miezi minne akainama kumziba mkwewe mdomo kwa kiganja.

Gerishom akaudaka mkono wa mkewe.

"Mwache," akamwambia. "Ndiyo kwanza anaanza."